Dakika Moja Kabla ya Kuzima

Turbo nyingi zinazofika Nyakato zimeshafanya kazi kwenye gari la mtu mwingine, katika nchi nyingine, na hazina karatasi yoyote ya kueleza ziliishije huko. Zinakuja ndani ya viroba, zimekauka oili, midomo imezibwa kwa matambara. Fundi ninayemwandika hapa haulizi imetoka kwa nani. Anafuta mikono, anakaa juu ya rimu ya lori iliyolazwa chini, anaipakata turbo mapajani, kisha anaingiza vidole viwili mpaka kwenye nati iliyo katikati ya feni. Anaisukuma shafti pembeni, huku na huku. Halafu anaivuta kwake na kuirudisha. Ikicheza kidogo pembeni anakubali, kwa sababu shafti ya turbo huelea juu ya utando wa oili, na pasipo oili lazima itacheza. Ikicheza kwa kuja mbele na kurudi nyuma, hakubali. Akisikia chuma kimegonga chuma, hata kwa sauti ambayo mimi niliyekaa karibu naye siisikii, anairudisha kirobani na kumkabidhi mwenyewe. "Hii imeshakwenda, mwanangu. Usiifunge, itakuulia injini."

Ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukapita Mabatini na Buzuruga, unaingia Nyakato ya viwanda na magodauni, na pembezoni mwake, si mbali na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndiko ziliko gereji hizi ambazo maofisa wanaziita gereji bubu. Hazina ukuta. Zina mwarobaini, turubai, meza ya mbao iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi, na watu. Wenzake wanamwita Fundi basi, kana kwamba hakuna mwingine. Vijana humwamkia shikamoo kabla ya kutaja shida yao, na wazee wa Kisukuma wanaopita wakienda sokoni humsalimu mwangaluka, naye huinuka kuitikia hata kama amelala chini ya gari.

Kazi yake kubwa kwa muda mrefu ilikuwa Mark II nyeupe ya GX100 iliyokuwa juu ya mawe. Mwenyewe alikuwa kijana anayesafirisha dagaa, na gari hilo alilirithi kwa kaka yake likiwa na injini yake ya kawaida ya lita mbili isiyo na turbo. Akapata injini nyingine, 1JZ-GTE, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita mbili na nusu, toleo lile la kwanza lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1990 likiwa na turbo mbili ndogo. Ilikuja Dar es Salaam kwenye kontena la injini za mtumba kutoka Japan, ikapanda lori mpaka Mwanza. Ilipofunguliwa ikaonekana turbo moja imekufa. Feni ya upande wa moshi katika turbo zile ilitengenezwa kwa kauri ili iwe nyepesi na ishike kasi upesi, na kauri ikizidishiwa presha huvunjika. Kijana alitaka kuagiza nyingine mbili. Fundi akamwambia asubiri. Akaenda chini ya meza, akavuta gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na turbo ya Holset iliyotoka kwenye lori la injini ya Cummins, lori lililopinduka njia ya Shinyanga miaka mingi nyuma. Alikuwa ameihifadhi kwenye oili, imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi.

Wapo watu wa mbali, Ulaya na Marekani, waliogundua kwamba turbo ya lori ikikaa kwenye injini ya Kijapani yenye silinda sita hufanya kazi vizuri na kwa gharama ndogo. Fundi huyu hakusoma habari zao. Alijifunza turbo kwenye malori ya pamba na ya samaki, kwenye Scania na Fuso, miaka ambayo gari dogo lenye turbo lilikuwa halijaonekana Mwanza. Kwake hesabu ilikuwa ya kawaida: injini hii inatoa moshi kiasi hiki, feni ile inataka moshi kiasi kile, basi zitaelewana, mradi asiyeelewana nazo asiwe dereva.

Shida ni kwamba hakuna kiwanda kilichowahi kufikiri vitu hivyo viwili vitakutana. Matundu ya boliti hayalingani. Manifodi ya kuviunganisha lazima itengenezwe, na hapa ndipo nilipopenda kukaa na kutazama. Alinunua kwa wauza skrepa viwiko vya bomba nene la mvuke, vya kutosha kutoa njia sita zinazokutana mahali pamoja. Alivikata kwa msumeno wa mkono, kwa sababu gurudumu la kukatia humharakisha mtu, na ukikosea kiwiko kimoja kwa unene wa ukucha, boliti ya mwisho haiingii. Kila kiwiko alikisugua kwa tupa mpaka kikalala juu ya mwenzake bila kuacha mwanga upite kati yao. Sahani ya chuma inayokaa kwenye injini alikwenda kuitobolesha kwa mtu wa mashine ya kukereza. Ikachomelewa. Na kama kila chuma kinachochomelewa, ikapinda.

Alichofanya baada ya hapo kilichukua siku kadhaa na hakikuwa na mteja aliyekuwa tayari kukilipia. Aliweka mezani kipande kinene cha kioo cha dirisha. Akachanganya masizi ya kibatari na oili kidogo, akakipaka kioo utando mwembamba sana, akailaza manifodi juu yake kwa uso wa sahani na kuisogeza mara moja tu, mbele na nyuma. Akaigeuza. Mahali palipoinuka palikuwa pamepakaa weusi. Palipozama palibaki weupe wa chuma. Akapiga tupa pale penye weusi, siyo kwa nguvu, akafuta, akalaza tena. Weusi ukasambaa kidogo. Akarudia. Spana boi wake alisimama kando akishika kitambaa na hakuruhusiwa kusema. Jioni ya siku ya mwisho uso wote ulitoka mweusi sawasawa kutoka tundu la kwanza hadi la sita, na Fundi akamwita kijana wa dagaa aje aone. Kijana aliangalia, akasema ni nzuri, akauliza gari litawaka lini.

Namwelewa kijana yule. Pesa ni zake. Lakini aliyoonyeshwa ilikuwa kazi safi kuliko nyingi zinazotoka viwandani, na ilimpita hivihivi.

Kuna sanduku moja la bati kwenye gereji ile ambalo ningependa watoto wa shule waletwe kuliona. Fundi alianza kulijaza zilipoanza kuingia Subaru Forester na Impreza za mtumba, pamoja na zile Mark II na Chaser zenye turbo. Magari haya mengi yalimilikiwa Japan na vijana waliokuwa wakiyapenda kwa moyo wote, nao waliyafungia vitu ambavyo kiwanda hakikuweka: geji za presha na za joto la oili, filta za hewa, vali za kupumulia, shokapu za kampuni nyingine, swichi ambazo hakuna anayejua zinawasha nini. Mnunuzi wa Tanzania akishalitoa gari bandarini na kufika nalo Mwanza, kitu cha kwanza anachomwambia fundi ni, toa huu uchafu wote, nirudishie gari la kawaida. Vitu vikatolewa, vikatupwa kwenye ndoo. Fundi akawa anaviokota kwenye ndoo za gereji zote za jirani, anavisafisha kwa petroli, anavifunga kwenye magazeti. Humo sandukuni mna alama za HKS, GReddy na Blitz, majina ambayo mafundi wa mtaa ule huyatamka kwa Kisukuma chao bila kujali.

Kimoja kati ya vitu hivyo ndicho kilichonifanya niandike. Ni kisanduku kidogo cheusi kinachoenea kwenye kiganja, chenye kioo cha tarakimu na vitufe. Wenyewe hukiita taima ya turbo. Ukishafika safari yako, ukazungusha ufunguo na kuuchomoa, injini haizimi. Kisanduku kinaiacha ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, kisha kinaizima chenyewe, wewe ukiwa umeshafika mlangoni kwako. Sababu ni kwamba turbo iliyotoka kufanya kazi kubwa huwa ya moto kiasi cha chuma chake kung'aa, na shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukizima injini ghafla, oili inakatika, na ile oili kidogo iliyobaki ndani huungua palepale na kuganda kuwa masizi magumu. Siku hiyo huoni kitu. Mwezi ule pia huoni. Baada ya muda gari linaanza kutoa moshi wa buluu, na mtu anasema spea za mtumba ni mbovu.

Gari baada ya gari lilifika Mwanza na kisanduku hicho, na gari baada ya gari wenyewe walikuja gereji wakilalamika kwamba gari lina hitilafu: ufunguo umechomolewa na injini bado inawaka. Wapo waliosema limerogwa. Fundi aliwakalisha, akawaeleza kazi yake, akawasihi wakiache. Wachache walimsikiliza. Wengi walisema, Fundi, toa. Akatoa. Mle sandukuni vimepangwa, kila kimoja na waya zake zimekunjwa vizuri. Nimevishika mkononi. Mtu fulani Japan alijua kwamba binadamu hana subira ya dakika moja, akatengeneza chombo cha kumsubiria, na sisi tulilipa mafundi wakiondoe.

Kampuni ya HKS ilianzishwa karibu na Mlima Fuji mwaka 1973, na kazi yake ilikuwa kuboresha injini za watu wengine. Mwaka huohuo wa 1973 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuunda SIDO, ili kila mkoa uwe na mahali pa kukuza viwanda vidogo na mafundi wadogo. Huwa nayafikiria mambo haya mawili kwa pamoja ninapopita Nyakato. Nao walianza na karakana. Nasi tulikuwa na mikono.

Kwa nini turbo ipendwe Mwanza hasa? Ipo sababu ambayo Fundi anaijua kwa kifua na mimi niliijua kwa kusoma. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa tunayovuta hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Dar es Salaam, na injini ya kawaida ikitoka pwani kuja huku inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, hata kama dereva haoni. Turbo inaichukua hewa hii nyepesi na kuishindilia. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, akitaka moshi unaotupwa bure urudi kufanya kazi. Injini ya kula mabaki yake yenyewe: ingeweza kubuniwa na mtu wa Nyakato.

Afrika Mashariki iliiona turbo ikitamba mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally kwa Toyota Celica ya turbo. Celica ileile ikashinda tena 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Colin McRae na Subaru Impreza, na nadhani nusu ya Subaru za buluu zilizonunuliwa baadaye katika nchi zetu zilinunuliwa kwa ajili ya siku ile. Watu wa umri mkubwa zaidi watakukumbusha kwamba mbio hizo zilipoanza mwaka 1953 zilikuwa zetu sote, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwamba Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Peugeot ile haikuwa na turbo. Ilikuwa na mafundi.

Na mafundi wetu walipikwa kwenye dhiki. Mimi nilikuwa mtoto miaka ile baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka na duka la spea likabaki na rafu tupu na karani anayesinzia. Mjomba wangu aliendesha Bedford, akibeba pamba kutoka Magu. Siku moja gasketi ya pampu ya maji ilipasuka, na gasketi ya Bedford mwaka ule usingeipata Mwanza hata kwa kilo ya sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi. Akapita mzee mmoja na baiskeli na mfuko wa vifaa. Mjomba akamsimamisha kwa heshima kubwa, akimwita baba.

Mzee hakusema mengi. Aliomba boksi gumu la katoni. Akalilaza juu ya mdomo wa pampu, akatoa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, na akaanza kugonga kuzunguka ukingo, taratibu, mgongo wa nyundo ukifuata chuma kisichoonekana chini ya karatasi. Kila alipogonga, ukali wa ukingo wa chuma ulikata karatasi kutoka chini. Kwenye matundu ya boliti aliweka gololi ya beringi na kuigonga pigo moja, na kiduara cha karatasi kikadondoka mchangani. Mimi nikaviokota vyote na kuvitia mfukoni. Akaipaka gasketi ile grisi pande zote, akaifunga, akakaza boliti kwa kuvuka, moja huku na ya pili upande wa pili, akirudi kila mara kuongeza kidogo. Tulifika Mwanza usiku. Bedford iliendelea kubeba pamba na gasketi ya katoni msimu mzima.

Fundi wa Nyakato anakata gasketi zake kwa namna ileile, ingawa sasa anatumia karatasi maalumu ya gasketi, na kwa upande wa moshi anatumia shaba nyembamba anayoichoma kwanza mpaka iwe nyekundu ili ilainike. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema kwa waliomtangulia. Sikuuliza zaidi. Jibu lilikuwa limetosha.

Ilipofika zamu ya mabomba ya hewa, aliyapitisha kutoka kwenye turbo hadi kwenye intakula iliyotoka kwenye lori dogo lililogongwa, na kutoka hapo kurudi kwenye injini. Mabomba mengine ni ya chuma kisichoshika kutu, yaliyouzwa kama skrepa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilipofunga milango. Nilifurahi kuliona bomba lililowahi kupitisha maji ya kuoshea samaki wa kwenda Ulaya likipata kazi nyingine nyumbani. Kila kiungo kilifungwa kwa mpira na klempu. Ndipo likaja jaribio ambalo gereji nyingi huliruka. Alitengeneza kizibo cha mbao kwa mdomo wa turbo, akakitia valvu ya tairi, akaruhusu hewa kidogo kutoka kwenye kompresa, akachukua brashi na kopo la maji ya sabuni, na akapita kiungo kwa kiungo akipaka povu, kama mtu wa pancha anavyotafuta tundu la msumari. Walizima redio. Wakanyamaza wote. Kwenye kiungo cha nne povu likaanza kufanya vijipovu vidogo, vidogo kabisa, unaviona ukiinamisha uso. Klempu ilikuwa imekazwa. Mpira ulikuwa mzima. Akafungua, akakuta kwenye bomba mkwaruzo mwembamba kama unywele, ulioachwa na msumeno wa mtu wa skrepa, na akausugua kwa msasa mpaka ukaisha.

"Hiki kingekula injini?" nilimuuliza.

"Leo hapana, Mwalimu. Ila presha ingevuja, turbo ingezunguka zaidi kufidia, nguvu ingepungua, mwenye gari angebadilisha plagi, halafu koili, halafu sensa. Angekuja kuniona ameshauza ng'ombe."

Siku injini ilipowaka hakumruhusu mtu yeyote apige resi. Kwanza aliizungusha kwa stata bila kuipa moto, mpaka akaona oili imefika kwenye turbo. Akaiacha ingurume, akasikiliza kwa bisibisi ndefu iliyowekwa ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio lake. Baada ya kutembea kidogo hadi Igoma na kurudi alizima, akaacha ipoe, akafungua plagi zote sita na kuzipanga mezani kwa mpangilio wa silinda. Hapa tena kuna elimu isiyo na kitabu mtaani kwetu. Kauri ya plagi ikiwa nyeusi, injini inakunywa mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, inaungua kwa ukame, na kwenye injini ya turbo weupe ule ni tangazo la msiba, maana pistoni huyeyuka kabla dereva hajajua. Inatakiwa iwe na rangi ya maandazi yaliyoiva. Tano zilikuwa sawa. Ya sita ilikuwa na weupe kidogo. Akaamuru nozeli ya silinda ile itolewe ikasafishwe, na gari lisitembee tena mpaka ipatikane sawa. Pia aliweka sharti: presha isizidi paundi 12. Injini hizi zilipangiwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa Japan, na yeye hajui kila kituo cha mafuta kati ya hapa na Musoma kinauza nini.

Gari hilo lilisimama kwenye mawe muda mrefu kwa sababu ya mambo ya namna hii, na majirani walilicheka. Gereji ya ng'ambo ya barabara inafunga turbo asubuhi na jioni mteja anaondoka. Wananunua turbo mpya za kuiga, zenye boksi zuri na stika ya dhahabu, wanafungua ya zamani, wanaweka hiyo. Hawaulizi ya kwanza ilikufa kwa nini. Oili iliyoiua bado imo kwenye injini, bomba lake la oili bado limeziba nusu, na turbo mpya inakufa kwa ugonjwa uleule. Mteja anarudi, ananunua nyingine. Kuna pesa nyingi katika mtindo huu na hakuna fundi ndani yake. Wakichomeka mashine ya kupimia, ikiandika namba ya sensa, wanabadilisha sensa. Mashine ni kitu kizuri. Fundi naye anayo, imenunuliwa kwa mkopo. Lakini yeye huichomeka baada ya kusikiliza, ili imthibitishie au imkatalie. Vijana wengi siku hizi wanaichomeka ili wasisikilize.

Na wenye magari ndio tunaowafundisha hivyo. Sisi ndio tunaopiga simu kila saa, bado tu? Sisi ndio tunaomlipa haraka aliyebadilisha kitu chenye boksi, na kumwomba punguzo aliyekaa siku tatu na tupa mkononi. Hatujawahi kutenga mezani petu mahali pa kulipia kazi isiyoonekana. Uso wa manifodi uliolingana haupigwi picha. Mwenye harusi atamlipa mpambaji bila kubishana, lakini fundi aliyezuia gari lisife njiani Magu usiku na watoto ndani, huyo ataambiwa amechelewesha.

Zamani, na sisemi zamani ya mbali, ungeweza kumaliza injini nzima bila kutoka Nyakato. Alikuwepo mzee aliyeyeyusha shaba nyeusi na kumimina bushi kwenye mchanga, akazikereza mwenyewe. Amefariki, na wanawe waliuza mashine kwa bei ya chuma. Alikuwepo kijana mwenye mkono wa kuchomelea aluminiamu, kazi ngumu kwa sababu aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka na kukudondokea. Migodi ya Geita ilimchukua kwa mshahara ambao hakuna gereji ingeweza kumpa, na siwezi kumlaumu. Silinda hedi yenye ufa ambayo angeirudisha kazini kwa alasiri moja sasa inakwenda kwa wauza skrepa. Waliokuwa wanafunzi wa Fundi ni wengi, na mmoja wao, aliyekuwa tayari anaweza kusoma plagi bila kuuliza, anaendesha bodaboda. Anasema bodaboda inalipa kila jioni. Mwarobaini ule nao umepigwa alama nyekundu kwa sababu uko kwenye hifadhi ya barabara, na hakuna aliyewaambia mafundi waende wapi. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, inatoa vijana wenye vyeti, na ni vema; lakini hakuna ofisi, kwa ninavyojua mimi, iliyowahi kuja na daftari kuandika jinsi mzee huyu anavyolinganisha chuma kwa kioo na masizi, wala iliyomwomba akafundishe hata muhula mmoja.

Mark II ilishuka kwenye mawe mwezi uliopita. Kijana wa dagaa aliichukua usiku, akaipeleka Kisesa na kuirudisha, akashuka akiwa hana maneno, na kwa mara ya kwanza alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili. Fundi alikuwa amemfungia taima moja kutoka kwenye lile sanduku la bati, bila kumwongezea bei. Akamweleza ni ya nini. Wiki iliyofuata kijana alipata mteja wa Dar es Salaam, gari likauzwa, likapanda barabara ya Shinyanga. Alipolinunua gari hilo mteja aliuliza lina rangi halisi, lina kilomita ngapi, na muziki wake ni wa aina gani. Fundi hakuwepo kwenye mazungumzo hayo. Alikuwa amekaa juu ya rimu, ana turbo ya Forester mapajani, vidole viwili ndani. Ilikuwa mbovu. Mwenye nayo alikasirika, akakichukua kiroba chake, akavuka barabara kwenda gereji ya ng'ambo.